Mwenye Funguo za Uwanja: Mwongozo kwa Shabiki wa Mzumbe

Ingia kibanda umiza chochote cha Changarawe, pale njia ya kwenda Chuo Kikuu Mzumbe inapoachana na barabara kuu ya Iringa, siku Simba au Yanga inacheza. Utakuta vijana wanaokutajia kikosi cha misimu mitatu iliyopita bila kukwama, namba za jezi na nani alitoa pasi ya goli gani. Waulize wangapi wamewahi kukaa kwenye jukwaa la Benjamin Mkapa, mikono itakayonyooka itakuwa michache. Uwanja wanaujua kwa jicho la mpiga kamera. Hawajui wachezaji huingilia mlango gani, wala mtu akikaa nyuma ya goli anaona nini.

Makala haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote wa Mzumbe, Mlali, Mvomero au Morogoro mjini anayetaka kuuona uwanja wa timu yake kwa macho yake mwenyewe, hasa siku ambayo hakuna mechi.

Wenzetu wa mbali wameshaigeuza hamu hiyo kuwa biashara. Kule Boston, Marekani, mpenzi wa besiboli hununua tiketi ya kuzungushwa Fenway Park, nyumba ya Red Sox iliyofunguliwa mwaka 1912, akapigwa picha kando ya ule ukuta wake maarufu wa kijani wenye kimo cha zaidi ya mita 11. Old Trafford kule Manchester nao wana ziara za namna hiyo, na duka la jezi linakungoja mlangoni unapotoka. Huku kwetu utaratibu huo bado haujakomaa, na viwanja vingi havina kabisa dirisha la tiketi za matembezi. Kuingia kwako kunategemea mtu: meneja wa uwanja, katibu wa tawi, mlinzi wa getini, au yule mzee anayemwagilia nyasi asubuhi. Mimi naona hilo si hasara. Mtu wa namna hiyo hajakariri maelezo ya kumsomea mtalii. Akikupenda, atakusimulia mambo ambayo hayajawahi kuandikwa popote.

Kwanza ujue uwanja ni wa nani

Wengi hudhani uwanja ni mali ya timu inayouchezea. Tanzania hilo ni nadra, na usipolijua utapeleka ombi lako kwa mtu asiye na funguo.

Uwanja wa Jamhuri pale Morogoro ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama ilivyo Kirumba ya Mwanza, Sokoine ya Mbeya, Samora ya Iringa, Mkwakwani ya Tanga na Majimaji ya Songea. Viwanja hivyo ni urithi wa enzi za chama kimoja, na vyama vingi viliporudi mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa chama. Kama ilikuwa haki au la, huo ni mjadala wa siku nyingine na wenye kelele zake. Linalokuhusu wewe shabiki ni kwamba ombi la kuingia Jamhuri haliendi kwa timu wala TFF. Linakwenda kwa meneja wa uwanja, na yeye anawajibika kwa chama.

Benjamin Mkapa na jirani yake Uhuru ni vya serikali, chini ya wizara yenye dhamana ya michezo. Manungu kule Turiani uko ndani ya mashamba ya kiwanda cha sukari cha Mtibwa, kwa hiyo hapo unaingia kwenye eneo la kampuni, na walinzi utakaokutana nao ni wa kampuni. Azam Complex ya Chamazi ni ya Azam FC yenyewe. Ndiyo maana Simba iliyozaliwa mwaka 1936 na Yanga iliyoitangulia kwa mwaka mmoja, pamoja na umri wote huo na mashabiki waliojaa kuanzia Kigoma hadi Mtwara, mechi zao kubwa huzicheza wakiwa wapangaji. Tambo zote za mitaani kuhusu "uwanja wetu" zina kodi ndani yake.

Barua, na namna ya kuipeleka

Kama uko peke yako au na rafiki mmoja, nenda tu asubuhi siku ya kazi, salimia, jieleze, onesha kitambulisho. Mara nyingi inatosha. Mkiwa kundi, andikeni barua. Wanafunzi wa chuo waipitishe kwenye serikali yao ya wanafunzi, wa sekondari kwa mkuu wa shule, na wanachama wa tawi la klabu watumie muhuri wa tawi, ambao kwa kweli hufungua milango mingi kuliko watu wanavyodhani. Barua isiwe ndefu. Kitu kama hiki kinatosha:

"YAH: OMBI LA KUTEMBELEA UWANJA. Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Sisi ni wanafunzi 12 kutoka Mzumbe. Tunaomba ruhusa ya kuona majukwaa, vyumba vya kubadilishia nguo na eneo la kuchezea siku ya Jumanne, saa 4 asubuhi, kwa muda wa saa moja. Hatutakanyaga nyasi bila kuruhusiwa na tutafuata maelekezo yote ya uongozi wa uwanja. Tutapiga picha kwa simu tu. Tunatanguliza shukrani."

Weka majina ya wote na namba ya simu ya kiongozi wa msafara. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, nayo usiiache nyumbani siku ya safari: mlinzi atakayekuwa zamu siku hiyo si lazima awe ameambiwa habari zenu. Ukiambiwa kuna ada, omba risiti. Na kama mtu amekutembeza nusu saa juani bila kuombwa, ukimpa ya soda si vibaya, mradi mpeane baada ya kazi na isiwe ndiyo sharti la kufunguliwa geti.

Kuna siku moja ya kuepuka kabisa, nayo ni ile ya kuamkia mechi. Uwanja wa Tanzania jioni ya kuamkia mechi ni mahali pa watu wenye wasiwasi. Timu ngeni ina haki ya kuufanyia mazoezi uwanja itakaochezea, na jambo hilo linaweza kuzua mgogoro mkubwa. Machi 2025 mechi ya watani wa jadi iliahirishwa baada ya Simba kulalamika kwamba ilizuiwa kuingia Benjamin Mkapa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia pambano, ikaja kuchezwa Juni 25, Yanga ikashinda 2-0. Halafu kuna yale mambo mengine ambayo kila mtu anayajua na hakuna anayekiri. Bodi ya Ligi imewahi kuzitoza faini timu kwa kukwepa mlango rasmi au kugoma kutumia vyumba vya kubadilishia nguo, na sababu hazikuwa za usafi. Katika hali hiyo, mgeni asiyejulikana anayezungukazunguka golini na kuinama kufunga kamba za viatu anaweza kujikuta akijieleza polisi. Usiokote kitu, usimwage maji, usifukie kitu hata kiwe ganda la pipi.

Jamhuri: uanzie nyumbani

Toka Mzumbe mpaka mjini ni kilomita 20 na ushei. Ukishafika Morogoro mjini, Jamhuri hauhitaji ramani, muulize dereva bodaboda yeyote. Watu wa Mzumbe wengi huupita kila wiki wakienda sokoni na hawajawahi kufikiri kwamba ni mahali pa kutembelea. Hapo wanakosea.

Mwaka 1975 Mseto ya Morogoro ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Kabla ya hapo, tangu ligi ianze mwaka 1965, kombe lilikuwa halijawahi kutoka Dar es Salaam: Sunderland, ambayo ndiyo Simba ya leo, Cosmopolitan, Yanga, kisha Simba na Yanga tena. Mseto ndiyo iliyovunja mwiko, miaka mingi kabla ya Tukuyu Stars ya Mbeya na Coastal Union ya Tanga kufanya hivyo katika muongo wa 1980. Baadaye Reli ya Morogoro ikajipatia jina la Kiboko ya Vigogo, na jina hilo haikulipata kwa kuzifunga timu ndogo. Ukienda Jamhuri, usitafute makumbusho wala picha ukutani. Tafuta wazee. Kaa jukwaani asubuhi, mgongo wa Uluguru ukiwa mbele yako, umuulize mwenye umri wa kujua habari za Mseto. Nenda na muda wa kutosha.

Kwa anayejifunza kuutazama uwanja, Jamhuri ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ni mdogo na unausoma wote kwa mara moja. Angalia maji ya mvua yanaelekea wapi. Angalia eneo lililo mbele ya goli, ndilo huchakaa kwanza, na umuulize mtunza uwanja analitengenezaje. Angalia umbali kati ya mstari wa pembeni na jukwaa. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mwamuzi msaidizi wa mikoani husikia kila neno analotukaniwa mama yake.

Manungu: timu ya wilaya yenu

Mzumbe iko wilaya ya Mvomero, na Mtibwa Sugar pia ni ya Mvomero. Hata hivyo si wengi wa Mzumbe waliowahi kufika Manungu, kwa sababu wilaya hii imeuzunguka mji wa Morogoro na pande zake mbili hazionani. Inabidi upite Morogoro mjini, ushike barabara ya Dodoma, uvuke Mto Wami pale Dakawa kwenye mashamba ya mpunga, ufike Magole jirani na Dumila, kisha ukate kulia kuelekea Turiani. Kutoka Morogoro mjini hesabu zaidi ya kilomita 100. Mabasi na magari madogo ya Turiani yanapatikana Morogoro. Toka asubuhi, maana kurudi jioni kuna ubahatishaji. Wakati wa masika uliza hali ya barabara kabla ya kuondoka: Januari 2014 mafuriko ya Dumila na Magole yalikata daraja, na magari ya Dodoma yakakwama.

Mtibwa ilianzishwa mwaka 1988 kwenye kiwanda cha sukari, ndiyo maana huitwa Wakata Miwa. Ikachukua ubingwa wa Bara mara mbili mfululizo, 1999 na 2000, na mwaka 2018 ikabeba Kombe la Shirikisho la Azam kwa kuifunga Singida United 3-2 kule Arusha. Ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2023/24, ikapanda tena mwisho wa msimu uliofuata. Simba na Yanga zote zimewahi kulazimika kupita katikati ya miwa kwenda kucheza Manungu, na nadhani hakuna uwanja wa Ligi Kuu uliowapa makocha wa kigeni mshangao kama huo.

Manungu haupendezi kwa ukubwa, na anayetafuta viti vya rangi arudi zake. Kinachovutia ni kuona klabu na kazi vikiwa sehemu moja: msimu wa kukata miwa matrekta yanapita, moshi wa kiwanda unaonekana, na wanaokaa jukwaani jioni ndio waliokuwa kazini asubuhi. Huu ndio mtindo uliozaa timu nyingi za Tanzania, za reli, tumbaku, bandari, polisi, na umebaki sehemu chache.

Mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, hakikisha Mtibwa inachezea wapi msimu huo. Kuna nyakati imehamishia mechi za nyumbani kwingine, Jamhuri ukiwemo. Pili, kwa kuwa ni eneo la kampuni, jitambulishe kwenye geti la kwanza unalokutana nalo na usiingie kwenye miwa kutafuta njia ya mkato wala kipande cha kutafuna.

Dar es Salaam

Hapa ndipo wengi wanapotaka kufika, na tangu Juni 14, 2024 safari imekuwa nyepesi. Siku hiyo treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, nauli ya daraja la kawaida ikiwa shilingi 13,000. Nauli hubadilika, kwa hiyo thibitisha. Safari ni takribani saa mbili. Tiketi hukatwa kwa mtandao wa TRC au stesheni, na utahitaji kitambulisho chenye jina lilelile lililo kwenye tiketi. Mizigo hukaguliwa kwa mashine, na geti hufungwa kabla ya treni kuondoka. Kwa mtu wa Mzumbe hatari kubwa haiko kwenye treni, iko kwenye daladala ya kutoka Changarawe inayongoja ijae. Jipe muda mrefu kuliko unavyodhani unatosha.

Ukipenda basi, Msamvu yapo saa zote, ila yatakushusha Stendi ya Magufuli, Mbezi, na kutoka hapo mpaka Temeke ni safari nyingine kamili kwenye foleni. Treni inakuleta Stesheni ya Magufuli katikati ya jiji, karibu kabisa na Kariakoo, na Kariakoo ndiko ninakoshauri uanzie.

Kwa nini Kariakoo? Kwa sababu Simba na Yanga hazina uwanja mkubwa wa kwao, lakini zina nyumba. Makao ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga kwenye makutano ya mitaa ya Twiga na Jangwani, na kutoka moja kwenda nyingine ni mwendo wa miguu. Hapo ndipo wanachama walipogombania uongozi, wakafukuza makocha na kugawanyika makundi kwa miaka mingi. Kando ya jengo la Yanga kuna Uwanja wa Kaunda, uliopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Uko bondeni, na mvua kubwa za Jangwani huufunika. Simba nayo ina uwanja wake wa mazoezi Bunju, mbali kaskazini mwa jiji. Ukivaa jezi, fikiri kidogo kabla ya kukatiza mtaa wa watani. Utani utakaopigwa ni wa kawaida, lakini siku timu imefungwa watu hawana subira.

Kutoka Kariakoo chukua daladala au bajaji mpaka Temeke, umwambie konda "Taifa". Utashukia mahali penye viwanja viwili vinavyotazamana, na shabiki asiyejua historia hukimbilia ule mkubwa. Usifanye hivyo. Anza na Uhuru, unaoitwa pia Shamba la Bibi.

Usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961 bendera ya Tanganyika ilipandishwa hapo. Ni hapo pia, mwaka 1979, Taifa Stars ilipoifunga Zambia 1-0, kisha ikaenda Ndola kutoka sare ya 1-1 kwa goli la Peter Tino na kufuzu fainali za Afrika za 1980 kule Lagos. Na mwaka 1993 Simba, baada ya sare ya bila kufungana ugenini, iliikaribisha Stella Abidjan kwenye fainali ya Kombe la CAF. Watu walikwenda uwanjani wakiwa wameshaanza kusherehekea. Simba ikafungwa 2-0 mbele ya Rais Ali Hassan Mwinyi. Mzee yeyote wa Msimbazi aliyekuwepo atakueleza alikuwa amekaa wapi.

Benjamin Mkapa ulifunguliwa mwaka 2007, umejengwa na Wachina, unachukua watu 60,000. Kwa miaka mingi uliitwa Uwanja wa Taifa, jina ambalo makonda hawajaliacha, kisha baada ya kifo cha Rais Mkapa Julai 2020 ukapewa jina lake. Mashabiki huuita "kwa Mkapa" au Lupaso, kijiji alikozaliwa. Juni 2010 Brazil ya akina Kaká na Robinho ilicheza hapa na kuifunga Stars 5-1, na goli letu moja bado linasimuliwa kuliko yale matano. Agosti 2, 2025 mashindano ya CHAN yalifunguliwa hapa kwa Tanzania kuifunga Burkina Faso 2-0.

Ukiruhusiwa kuingia siku tupu, omba uoneshwe vyumba vya kubadilishia nguo, njia ya wachezaji kutokea uwanjani na chumba cha waandishi. Kisha panda peke yako mpaka kiti cha juu kabisa cha mzunguko. Kutoka huko utaona jinsi njia ya kukimbilia inavyowasogeza wachezaji mbali na watu, jambo ambalo runinga huficha, na utaelewa kwa nini kelele za huku huchelewa kufika benchi la ufundi. Nyasi usizikanyage. Mei 2025 Simba ililazimika kucheza fainali ya marudiano ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya RS Berkane kwenye Uwanja wa Amaan, Zanzibar, kwa sababu CAF haikuridhika na hali ya Mkapa. Tangu hapo watunza uwanja wana haki ya kuwa wakali. Uliza pia kama kuna ukarabati: Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa AFCON ya 2027, na viwanja vina kazi nyingi ya matengenezo. Droni usibebe bila kibali, hata kama ni ya kuchezea.

Mwenye siku ya ziada aende Chamazi, njia ya Mbagala, aone Azam Complex. Unachukua watu 10,000 hivi, na kila kitu kiko mahali pake. Wakongwe wa mjini huubeza kwamba hauna historia. Labda, lakini vyoo vyake vinafanya kazi.

Ukienda siku ya mechi

Ziara ya siku ya mechi ni kitu tofauti, na inahitaji tahadhari ambazo kibanda umiza hakikufundishi. Tiketi za Benjamin Mkapa huuzwa kwa mfumo wa kielektroniki wa N-Card: unapata kadi, unaijaza kwa simu, unanunulia kiingilio cha jukwaa unalotaka. Mzunguko ndio wa bei nafuu na ndio wenye ngoma. Machungwa ni hatua moja juu. VIP C, B na A bei hupanda kuelekea kwenye viti vya wakubwa. Klabu mwenyeji ndiyo hutangaza viingilio. Nunua siku kadhaa kabla, na kila mtu awe na kadi yake. Tiketi ya mlanguzi wa nje ya geti inaweza kuwa imeshatumika, na hutakuwa na wa kumlalamikia.

Fika mapema, na hili nalisema kwa uzito. Mei 28, 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger kwenye mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, msukumano wa kuingia uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Pale jirani, Uhuru, Machi 2021, watu 45 walikufa kwenye msongamano wakati wa kuuaga mwili wa Rais Magufuli. Hatari ya uwanja haiko sana ndani, iko getini, watu wanapohisi kwamba kilicho ndani kinaanza bila wao. Ukiona geti moja limefurika, ondoka pembeni, zunguka, au kubali kukosa dakika za kwanza. Ukibanwa katikati ya umati, kunja mikono kifuani ili upate nafasi ya kupumua, usiiname kuokota simu wala kiatu, na usogee kwa mshazari kuelekea ukingoni badala ya kupambana na mkondo wa watu. Mtoto mdogo usimpeleke kwenye mechi ya watani au fainali. Mpeleke mechi ndogo ya katikati ya wiki, ambako atapata nafasi ya kukimbia kwenye viti. Chupa za maji hukataliwa mlangoni, kwa hiyo kunywa kabla. Pesa na simu viwe mfuko wa mbele.

Na mpenzi wa besiboli?

Wapo, usicheke. Mchezo huu ulianza kufundishwa mashuleni Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2010 kwa juhudi za Mjapani Shinya Tomonari, aliyekuwa ameshauendeleza Ghana, na mashindano ya taifa ya shule yakapewa jina la Koshien. Kwenye Shule ya Sekondari Azania, Upanga, kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Japani na kupewa jina hilohilo. Kwa mwanafunzi wa Mzumbe ni rahisi kuufikia: chuo chake kina kampasi Dar es Salaam, nayo iko Upanga.

Jina limetokana na Uwanja wa Koshien ulioko Nishinomiya, Japani, uliofunguliwa mwaka 1924. Ni nyumba ya timu ya Hanshin Tigers, lakini heshima yake kubwa ni mashindano ya sekondari, ambako vijana waliofungwa huchota udongo wa uwanja na kwenda nao nyumbani. Azania ni shule, si kivutio cha watalii, kwa hiyo ombi linakwenda kwa mkuu wa shule na wakati mzuri ni mchana baada ya vipindi. Ukikuta mazoezi, kaa nyuma ya wavu. Mpira wa besiboli ni mgumu, na ukikupata kichwani hutaisahau ziara yako.

Kurudi Mzumbe

Panga kurudi kabla hujapanga kwenda. Mechi ya saa 1 usiku ikiisha, na ukishatoka kwenye umati wa Temeke, kuiwahi treni ya mwisho ni kamari. Angalia ratiba ya siku hiyohiyo, si ya mwezi uliopita. Ukiwa na ndugu Mbagala, Tandika au Temeke, mpigie wiki moja kabla, usimpigie ukiwa getini kwake. Ukifika Morogoro usiku, daladala za Mzumbe zitakuwa zimelala. Mpate mapema bodaboda unayemfahamu kutoka kijiweni kwenu, mkubaliane bei kabla, na umwambie aje na kofia ngumu mbili, maana barabara ya Iringa usiku ni ya malori.